Tulimpeleka Mama Nyumbani Akiwa Abiria

Tangu nirudi Ogembo nimeisimulia habari hii sokoni, kisimani na mlangoni mwa darasa, na kila mara nimekatizwa kabla sijafika Nyaramba. Wengine wenu mmebaki mkiamini kwamba mama yangu alifufuka. Hakufufuka, kwa sababu hakuwa amekufa. Leo nimeketi niiandike yote, muisome wenyewe, halafu mniache nifue nguo zangu kwa amani.

Ogembo, kabla ya kuondoka

Mama yangu, Bosibori, alikuja kwangu kwa matibabu akakaa miezi minne. Mwishowe daktari alimwambia ukweli, na namshukuru kwa hilo. Moyo umechoka, akasema. Dawa zitampunguzia maumivu lakini hazitamponya, kwa hiyo aende nyumbani, ale anachokitaka.

"Nyumbani ni wapi?" Mama akauliza.

Daktari alinitazama akidhani mgonjwa amechanganyikiwa. Mimi nilimwelewa vizuri.

Nyumbani kwake ni Nyaramba, kule Nyamira, alikozikwa baba yangu. Kwangu ni kwa mkwe wake, na ninyi mnajua kwamba kwetu mtu hazikwi kwa mkwe. Hata mume wangu Onchiri, mtu mpole kuliko wote ninaowajua, nilipomtajia tu, alitoka nje akasimama kati ya migomba muda mrefu. Lakini upande wa pili, Mama na mimi ni Wabahai, na Maandiko yetu yanakataza maiti kusafirishwa mwendo unaozidi saa moja kutoka mahali mtu alipofia. Ogembo na Nyaramba si mwendo wa saa moja. Mama akifia kwangu, nitavunja neno la Mungu au nitavunja ukoo.

Jumapili ile alasiri watu walikuja sebuleni kama kawaida. Kwa wasiowahi kufika, niseme kidogo. Zamani Wabahai wa sehemu hizi walikuwa wazee wachache. Mmoja alisoma, wengine wakaitikia, na swali likizuka lilipelekwa kwa Mzee Nyakundi wa Nyakoe. Akishasema, limekwisha. Siku hizi majirani Wasabato na Wakatoliki wanakuja na watoto wao, tunasoma fungu moja polepole, na kila mtu anaulizwa ameelewa nini. Kwetu hakuna kasisi. Unaruhusiwa kueleza ulivyoelewa, lakini huruhusiwi kumlazimisha mwenzako aelewe kama wewe. Si rahisi. Watu wazima tunapenda sana kulazimisha.

Basi siku hiyo tulikuwa tunaichambua saa moja. Je, ni saa moja kwa miguu au kwa gari? Inahesabiwa kutoka kitandani au kutoka mwisho wa mji? Moraa, fundi wa nguo wa pale stendi, alisoma jibu tulilopewa na baraza letu: chombo chochote cha kusafiria kinakubalika, na unaweza kuanza kuhesabu kutoka ukingo wa mji. Tukamgeukia Kioko, Mkamba mwenye gari la probox la kukodisha, ambaye huja kwa ajili ya chai na hukaa kwa ajili ya nyimbo.

"Kutoka ukingo wa Ogembo mpaka Nyaramba," akasema, "ni saa mbili. Hiyo ni kukiwa kukavu."

Ndipo Mama, tuliyedhani amelala kwenye kiti chake, akafungua macho.

"Moraa, soma tena."

Moraa akasoma tena.

"Hapo anakatazwa kubebwa nani?"

"Maiti, nyanya."

"Mimi ni maiti?"

Moraa akatikisa kichwa.

"Basi nibebeni kesho," Mama akasema, akavuta blanketi lake.

Nilibishana naye hadi chakula cha jioni. Nilimwambia, "Mama, barabara itakuua."

"Itaniua nikiwa ninaelekea wapi?"

Nikampigia simu baba mdogo Ombati, ndugu wa marehemu baba, mzee wa kanisa la Wasabato pale Nyaramba. Mtandao ulikuwa unakatika. Nikapaza sauti, "Tunamleta Mama nyumbani kesho!"

Akajibu, "Poleni sana, mwanangu. Na ile sheria yenu ya saa moja?"

"Ndiyo maana tunamleta kesho!"

"Sawa. Tutakuwa tayari."

Nilidhani ananipa pole ya kuuguza.

Ogembo hadi mjini Kisii

Tuliondoka saa tatu asubuhi. Onchiri alikuwa amelaza viti vya nyuma vya probox, akatandika godoro na mito miwili. Mama alilitazama godoro lile kama mtu aliyewekewa chakula cha jana.

"Anayelazwa ndani ya gari ni yule anayeimbiwa," akasema. "Mimi nitakaa mbele na dereva."

Kwa hiyo godoro nikalikalia mimi. Onchiri aliagana naye kwa heshima, kwa mbali kidogo, kama mkwe anavyopaswa. Halafu akasahau heshima zote, akaushika mkono wake dirishani, na machozi yakamtoka. Mama alimwambia, "Umenitunza vizuri. Sasa rudi ukakamue ng'ombe."

Tulipofika kwenye mteremko nikamwuliza Mama kwa Ekegusii, lugha yetu, kama anasikia baridi. Kioko akafunga breki.

"Samahani, dada. Baba yuko wapi? Tumemwacha?"

"Baba gani?"

"Huyo unayemwita. Kila mara nasikia baba, baba."

Mama alicheka hadi nikaogopa moyo wake. Miaka sita Kioko ameishi Ogembo, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba kwa Ekegusii mama ndiye anayeitwa baba. Kuanzia hapo naye akamwita hivyo, akamwuliza kila kona, "Baba, uko sawa?"

Mbele kidogo lori la ndizi lilikuwa limekwama kwenye kalvati jipya, na foleni imejaa pande zote. Tulikaa pale saa nzima na zaidi. Mama mmoja mchuuzi alikuja dirishani na beseni la ndizi mbivu, akamtazama mgonjwa, akaacha kutaja bei.

"Mnampeleka hospitali?"

"Tumetoka," Mama akamjibu. "Sasa nakwenda nyumbani kufa."

Alilisema kama mtu anayekwenda nyumbani kupanda maharagwe. Yule mchuuzi aliweka beseni chini. Akauliza kama anaweza kumwombea. Akaomba kwa lugha ya nyumbani, kwa sauti kubwa, gari zikipiga honi, na Mama akaitikia amina kila mahali panapohitaji amina. Alipomaliza alimwuliza anasali kanisa gani. Mama akamwambia ni Mbahai. Yule mama akafikiri kidogo. "Sijui hilo," akasema, "lakini amina umeitikia vizuri." Akatupa kichane kizima cha ndizi.

Nyakoe

Mjini Kisii nilitaka tupumzike, lakini Mama alikataa. "Pitia Nyakoe. Nina neno na Nyakundi."

Hapo ndipo nilipotamani kurudi. Mzee Nyakundi alikuwa amekwisha kupata habari, maana kati ya Ogembo na Nyakoe maneno hayahitaji gari, naye alikuwa ametuma ujumbe kwamba safari hii ni hila. Nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa pia namwogopa, kama nilivyomwogopa tangu utotoni, aliposimama mbele ya wazee wenzake na kitabu mkononi.

Tulimkuta nyuma ya duka lake la mbegu na majembe, anapasua kuni. Alisalimu, "Allahu Abha," akatukaribisha, akatuwekea chai na viazi vitamu vya kuchemsha. Ukarimu wake haukupungua. Ila hakutabasamu.

"Bosibori," akasema, "unaikimbia sheria."

"Naikimbilia."

"Hii ni hila."

"Hila ni kumdanganya mtu. Niambie nimemdanganya nani. Nitafia kwangu, nitazikwa kwangu. Hata gari halitahitajika."

"Sheria haikuletwa ili kila mtu aipindue anavyotaka. Tukianza hivyo, kesho kila mtu ana sheria yake."

"Kweli," Mama akasema, na nikashangaa, kwa sababu hakuwa anajifanya. "Hilo ulitufundisha wewe, na nakushukuru. Ulitusomea miaka mingi wakati sisi wanawake hatukujua kusoma. Lakini nimejifunza kusoma, Nyakundi. Nimesoma mwenyewe mara kumi. Imekataza kubeba maiti. Haikukataza kumsikiliza mtu aliye hai."

Mzee Nyakundi aliweka kikombe chini. Nyote mnajua kidogo juu ya mkewe, Kemunto, aliyefariki hospitalini Eldoret miaka minane iliyopita. Alimzika kulekule, kwa kuitii sheria. Ndugu zake Nyakundi hawakwenda. Walisema amemtupa mwanamke wao kama mzigo, na tangu siku hiyo hawajamwita kwenye kikao chochote cha ukoo. Kila mtu alijua kwamba alilipa gharama kubwa kwa imani yake. Nami nilifikiri ndiyo sababu ya ukali wake, kwamba aliyelipa bei kamili hapendi kuona mwingine akipunguziwa.

Nilikosea.

"Kemunto aliniomba," akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Siku tatu kabla. Alisema, nipeleke Nyakoe. Alikuwa bado anakaa, anakunywa uji. Gari lingepatikana. Nikamwambia utapona, acha maneno ya kushindwa. Nilimkemea, Bosibori. Nilimkemea mgonjwa." Akasugua mikono yake yenye vumbi la kuni. "Halafu nikamzika kule, na watu wakinilaumu nikawaambia ni sheria. Miaka minane nasema ni sheria. Sheria haikumzuia kurudi. Ni mimi niliyekataa kusikia."

Kioko alitazama chini. Mimi sikujua niweke wapi uso wangu. Nilidhani Mama atamwambia maneno ya kumfariji, na kama angefanya hivyo nafikiri yule mzee angesimama akaondoka. Badala yake alimwuliza, "Ulimzika kwa sala?"

"Kwa sala. Tulikuwa watu watano."

"Basi sheria uliitimiza. Hilo lingine ni lako na Kemunto, utaliomba mpaka liishe." Akajishika kwenye mkono wa kiti, akasimama kwa shida. "Sasa chukua koti. Huko juu kuna baridi, na nataka mtu wa kunisomea nikichoka."

Mzee Nyakundi aliingia ndani. Akatoka na koti, kofia na kitabu chake cha sala. Alifunga duka.

Barabara ya kwenda juu

Mvua ya mawe ilitukuta katikati ya mashamba ya chai. Wenyewe mnaijua mvua hiyo, inavyokuja bila kubisha hodi. Kioo cha mbele kikawa cheupe, Kioko akaingiza gari uani mwa kituo cha kununulia majani chai, nasi tukamsaidia Mama kuingia chini ya bati pamoja na wachuma chai waliokimbilia pale na vikapu vyao. Kelele ya mawe juu ya bati ilikuwa kubwa hata hatukusikiana.

Hapo Mama alizidiwa. Midomo yake ikawa ya kijivu, pumzi ikawa fupi. Wachuma chai walimpisha benchi, mmoja akavua koti lake akamfunika miguu. Nilimpa dawa yake, nikamkumbatia, nikahisi moyo wake unavyodunda na kuruka kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nikamwambia Kioko kwa ishara: tunageuza, tunarudi Kisii, hospitali.

Mama aliona ishara. Akanishika kidole, akakikamata kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo.

Mvua ilipopungua kidogo niliweza kumsikia. "Nyaboke. Tukirudi, nitafia hospitali, na utabaki na swali lilelile. Nusu ya njia imekwisha."

"Na usipofika?"

"Utakuwa umejaribu kunipeleka. Si kidogo."

Nilimtazama Mzee Nyakundi. Kama angesema turudi, ningerudi, na nisingelaumiwa na mtu. Lakini hakuamua kwa niaba yangu. Alisema tu, "Mimi nilishasikia maneno ya namna hii mara moja, sikuyafuata." Kisha akafungua kitabu, akasoma sala ya wagonjwa polepole, na wale wachuma chai wakavua kofia.

Tulikaa pale hadi rangi iliporudi kwenye midomo yake. Nikasema twende mbele. Nililisema mimi, kwa mdomo wangu, na nataka lijulikane hivyo. Barabara ilikuwa tope tupu. Mara mbili gari liliteleza hadi ukingoni mwa mtaro. Mara ya kwanza wachuma chai walitusukuma, mara ya pili tulisukuma mimi na Mzee Nyakundi, tukapakwa matope kuanzia viatuni hadi nyusi. Mama alikuwa ameketi mbele, mgongo wima, anamwambia Kioko, "Polepole, mwanangu, lakini usisimame."

Nyaramba

Tulikata kona ya nyumbani kama saa kumi na mbili na nusu jioni. Kitu cha kwanza nilichoona ni turubai. Chini yake viti vya plastiki, safu kwa safu. Moshi wa jikoni. Sufuria kubwa za kukodi. Wanawake wamejifunga leso kichwani, na kwaya ya kanisa imepangwa kwa mavazi yake rasmi kando ya nyumba.

Gari lilipoingia uani, kwaya ikaanza kuimba. Wanaume sita wakaja taratibu kwenye mlango wa nyuma, nyuso zimeinama, wakaufungua ili washushe jeneza.

Walitukuta mimi na Mzee Nyakundi tumekaa kwenye godoro, weusi kwa matope.

Mwanamke mmoja alipiga yowe. Kwaya ikakatika katikati ya neno. Ndipo Mama akashusha kioo cha mbele, akatoa kichwa nje.

"Ombati," akaita. "Nani amekufa?"

Baba mdogo Ombati alikuwa amesimama na saa mkononi. Aliitazama saa, akamtazama yeye, akaitazama saa tena. "Shemeji," akasema. "Mbona... Nyaboke alisema tunamleta Mama nyumbani."

"Si ndiyo amenileta?"

Wallahi, nilitamani ardhi inimeze. Kwani sisi huwa tunasema hivyo kwa ajili ya nani? Mgonjwa husema anakuja. Anayeletwa ni marehemu. Mimi, mwalimu, nilipaswa kujua.

"Na sheria yenu?" Ombati akaendelea, maskini, akijitetea. "Ile kwamba maiti asisafirishwe kupita saa moja. Tumeharakisha kila kitu ili tuwe tayari mkifika kabla ya saa moja jioni!"

Mzee Nyakundi, ambaye sijawahi kumsikia akicheka maisha yangu yote, alishika mlango wa gari akacheka hadi kofia ikaanguka kwenye tope. Alijaribu kueleza kwamba saa moja yetu si ya jioni wala ya asubuhi, ni urefu wa njia, na kila alipofika katikati ya maelezo alianza kucheka upya. Kicheko kikashika wanaume wa jeneza, kikashika kwaya, kikafika jikoni.

Ombati hakucheka. Watu wameacha kazi zao, akasema. Ng'ombe amechinjwa.

"Basi tule," Mama akasema. "Au mlitaka nisile wakati ni ng'ombe wangu?"

Walimbeba kwa kiti chake hadi chini ya turubai. Alikuwa amechoka kabisa, lakini aliomba watu wanyamaze. Aliongea Ekegusii, maneno machache. Kwamba amekuja kulala kando ya mume wake. Kwamba akifa, hataki kukaa mochari wiki mbili akisubiri watu wajipange, kwa kuwa leo wameonyesha wanaweza kujipanga kwa siku moja. Kwamba atazikwa hapa kwa sala ya imani yake, isomwe na mmoja, wengine wakiwa wamesimama. Na kwamba baada ya sala hiyo, kwaya iimbe inavyotaka.

Ombati aliinuka. Niliwaza sasa ndipo vita. "Shemeji, na mchungaji wetu? Atasema nini?"

"Atasema jina langu, atasema niliishi na ninyi vizuri. Au sikuishi na ninyi vizuri?"

Ombati ni mtu mgumu, lakini ni mtu wa haki. "Uliishi na sisi vizuri," akasema mbele ya watu wote. "Itakuwa hivyo." Akaketi. Baada ya hapo hata angetaka kubadili maneno asingeweza, maana mashahidi walikuwa mia moja, na wote wana kumbukumbu.

Mama alikula matonge matatu ya ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu aliyoililia miezi minne, na kipande kimoja cha nyama laini. Kwaya iliimba ikiwa imeketi, yeye akipiga kidole kwenye mkono wa kiti.

Nilipanga kukaa naye hadi mwisho. Siku ya tatu baada ya kufika, asubuhi, akaniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia ni Alhamisi.

"Jumapili una darasa la watoto."

"Moraa atalishika. Mimi nitakaa na wewe hadi..."

"Hadi nini? Kufa nitaweza mwenyewe. Hapa wapo wa kuninywesha uji na wa kuniombea. Wale watoto wako wa Ogembo wana nani wa kuwaambia kwamba wanaweza kusoma wenyewe?"

Nilimsuka nywele. Nilimlaza vizuri. Sitaandika tulivyoagana.

Kurudi

Tuliteremka bila mvua. Mzee Nyakundi alikaa mbele. Tulipofika dukani kwake alishuka, akafika mlangoni, akarudi dirishani kwangu.

"Nisaidie kutafuta namba ya ndugu yangu mkubwa kwenye simu yako. Nilikwisha kuifuta. Labda wewe unayo."

Nilikuwa nayo. Alipiga akiwa amesimama pale barabarani, mkono mmoja juu ya gari letu. Nilimsikia akisema, "Sikupigi kwa ajili ya kujitetea. Nilikosa. Si pale mnapodhani, lakini nilikosa. Nakuomba twende Eldoret, ukaone alipolala." Kisha akasikiliza muda mrefu, akiinamisha kichwa, mara kwa mara akisema ndiyo.

Ninapoandika haya Mama bado yuko. Ombati anasema kila alasiri wanawake wa kwaya wanakwenda kumsomea, na yeye huwauliza wameelewa nini, nao wameanza kukasirika wasipoulizwa.

Na Mzee Nyakundi alikwenda Eldoret juma lililopita, yeye na ndugu yake. Alinipigia jana kunieleza. Kaburi lilikuwa limefunikwa na magugu. Ndugu yake hakusalimu mtu, hakutoa hotuba. Alikuwa amebeba jembe kutoka Nyakoe, ndani ya gunia. Alivua koti, akapiga magoti, akapalilia pande zote nne, na alipomaliza akalala kifudifudi juu ya udongo ule akamwita Kemunto kwa jina.